Kimya cha Saa Nne

Nakumbuka siku moja, saa nne asubuhi, shule yetu ilinyamaza na watu wote waliokuwa shambani wakaacha kupalilia. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja katika shamba la karanga la kijiji, wakiimba na kushusha majembe kwa pamoja, na shule ilikuwa ng'ambo ya njia tu. Mama yangu, aliyekuwa katika mstari ule, ndiye aliyenisimulia. Alisema wimbo ulikatika wenyewe, majembe yakabaki hewani, na kila mtu akageuza uso kuelekea shuleni.

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati ambapo mtu anaweza kukaa peke yake na maandishi tangu asubuhi mpaka jioni na asiulizwe kitu. Siku zile kusoma kulikuwa na sauti. Watoto wa Kiislamu walisoma chuoni kwa kuimba huku wakiyumba. Wa kwa mapadri walikariri katekisimu wote kwa pamoja. Shuleni kwetu tulipaza majedwali ya kuzidisha hata mpita njia akajua tumefika katika saba au katika nane. Kwa hiyo sauti ilipozimika, watu walishuku. Kwetu, watu wengi wakikaa mahali pamoja bila kusema, ama pana msiba ama pana njama. Walisikiliza, hawakusikia kilio, wakabaki na hilo la pili.

Baba yangu, Mzee Kapaya, hakungoja wenzake. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kushuku aliona ni sehemu ya kazi yake. Alivuka njia akiwa na jembe mkononi, akasimama kwenye dirisha la darasa letu. Aliona watoto wote wameinamia vitabu, midomo imefungwa. Mwalimu naye ameinamia kitabu, mdomo umefungwa. Akaniita, "Nyamizi." Sikuitika. Akaniita tena kwa nguvu zaidi, mpaka watoto wawili wakageuka, mimi sikugeuka. Nilikuwa jangwani, mwanangu. Nilikuwa na mtu aliyepotelewa na ngamia wake, maji yamemwishia, na sikuwa na nafasi ya kumsikia mtu mwingine yeyote.

Jioni ile tulipokaa kula, Baba hakugusa chakula kwanza.

"Nilikuja shuleni leo," alisema. "Uliniona?"

"Sikukuona, Baba."

"Nilikuita. Ulinisikia?"

"Sikusikia."

Mama aliacha kugawa ugali. Kwetu binti akiitwa na baba yake huitika "Abee" hata kama yumo ndani ya kisima. Kutomsikia baba kulikuwa ama ujeuri ama ugonjwa, na wote wawili walijua kwamba mimi si mjeuri.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma."

"Kusoma nakujua," alisema Baba. "Kusoma kuna sauti. Wewe mdomo wako ulikuwa umefungwa."

Nikamweleza. Mwalimu wetu mpya ameleta sanduku la vitabu vya hadithi, na ameanzisha nusu saa ya kimya kila siku, baada ya mapumziko. Kila mmoja anachukua kitabu chake, anasoma moyoni, hakuna kuuliza, hakuna kukariri, hakuna mtihani. Nilidhani nikieleza vizuri hofu itamwisha. Kumbe kila neno nililoongeza lilikuwa linaongeza kuni.

"Kesho njoo na kitabu hicho," alisema. "Utakisoma hapa, tusikie sote."

"Haviruhusiwi kutoka, Baba. Vinarudishwa sandukuni, sanduku linafungwa kwa kufuli."

"Kwa kufuli," alirudia polepole, akimtazama Mama. "Na kinasema nini hicho cha kufungiwa?"

"Kinasema habari za mtu na ngamia."

"Ngamia," alisema Baba, akaanza kula.

Usimcheke, mwanangu. Mwenye kuumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na Baba alikuwa ameumwa. Kabla ya kuletwa katika kijiji kile cha ujamaa, karibu na reli, si mbali sana na Kigwa, tulikuwa na mji wetu msituni, mizinga yetu ya nyuki na mashamba ya babu. Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ghala la tumbaku. Wachache waliojua kusoma walisimama mbele yake, wakalisoma kimya, wakaenda zao. Walivuna mapema, wakauza mbuzi kwa bei nzuri, wakachagua viwanja vilivyo karibu na maji. Baba alipita mbele ya karatasi ile mara nyingi, akawasalimu watu waliokuwa wanaisoma, wakamwitikia. Habari yenyewe, kwamba tunahamishwa, aliipata siku lori liliposimama mlangoni chungu kikiwa jikoni. Ujamaa wenyewe hakuuchukia. Alilima shamba la kijiji kwa bidii kuliko wengi waliopiga makofi. Alichokichukia ni ule mgongo wa jirani anayesoma na kuondoka.

Tangu siku hiyo akaweka sheria nyumbani: maandishi yoyote yakiingia katika uwanja wetu yasomwe kwa sauti. Nilipojua kuunganisha herufi, kazi ikawa yangu. Nilisoma karatasi ya sabuni. Nilisoma mfuko wa mbolea, na kibati cha dawa ya mifugo, na barua za mjomba kutoka Nzega, wote wamekaa wananisikiliza. Wageni waliniita mdomo wa nyumba. Nami nilijivuna, sikatai. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapomwona mdomo wa nyumba yake umefungwa mbele ya kitabu.

Hata hivyo kijijini hakuwa peke yake. Sisi sote tulikuwa wageni kwa wageni pale. Huyu katoka msituni, yule katoka Igunga na ng'ombe wake, mwingine katoka mbali zaidi, na kila mmoja alimwangalia jirani yake kwa jicho la pembeni. Kuku akipotea, ilikuwa ni wale wa upande wa pili. Maziwa yakiganda vibaya, ilikuwa ni mkono wa mtu. Na mwalimu huyu, Mwalimu Salma, alikuwa msichana mwembamba wa Tabora mjini, wa ukoo wa Waarabu wafanyabiashara, mwenye Kiswahili kilichonyooka na ushungi mweupe. Kisimani wanawake walinong'ona kwamba mababu wa ukoo ule walipita hapa zamani na misafara, babu zetu wakabeba, wao wakauza. Leo mjukuu wao amekuja kuwafundisha watoto wetu kunyamaza. Kunyamaza kwa ajili ya nini? Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Nitakwambia kweli, maneno yale yaliniingia hata mimi. Mimi ni mtu wa kushuku kwa kuzaliwa. Mpaka leo naonja chumvi kabla ya kuitia. Nikaanza kumchungulia mwalimu wakati wa kimya, kitabu kikiwa wima mbele yangu. Nikagundua jambo lililonisumbua. Mwalimu Salma hakuwa anafungua kurasa. Alishika kitabu mbele ya uso, macho yake yakiwa juu yake, na ukurasa ni ule ule tangu mwanzo hata kengele ilipogongwa. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajiuliza, kama hasomi, anafanya nini? Anatuhesabu? Sikumwambia Baba. Ningemwambia angechoma sanduku.

Na Baba naye alikuwa anakuja. Kila siku, saa nne ikifika, aliacha mstari wa wapaliliaji na kusimama dirishani na jembe lake, hasemi, anatazama midomo yetu. Wenzangu walianza kunitania, wengine kuniepuka. Mwisho wa wiki, jioni, akasema bila kunitazama, "Jumatatu huendi. Mkutano wa kijiji uko Jumatano. Nitalisimamisha jambo hili, na mwalimu arudi kwao mjini. Mpaka hapo utakaa na mama yako."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi nikalia pale. Nilijua mabinti wa kijijini waliotolewa shuleni "mpaka hapo." Mmoja alikuwa ameolewa mpaka hapo. Mwingine alikuwa analea watoto wa kaka yake mpaka hapo. Anayetolewa alikuwa anatoka, na hakuna aliyekuwa akikumbuka kumrudisha.

Jumatatu nilikaa na Mama tukibangua karanga. Saa nne kipande cha reli kinachogongwa kama kengele kikalia, halafu shule ikanyamaza. Mwanangu, sijapata kusikia kitu kinauma masikioni kama kimya kile nikiwa nje yake. Mama aliniangalia, akasogeza ungo karibu yangu, akasema kwa Kinyamwezi nisile karanga mbichi nyingi. Alikuwa na lake moyoni lakini hakutaka kulisema kabla ya mumewe.

Aliyelisema alikuwa mtani. Nawe umesoma mambo ya utani vitabuni, hujauona ukifanya kazi. Zamani babu zetu walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka huku kwetu mpaka pwani, na njiani na huko pwani waliishi na makabila mengine, wakazikana, wakapeana chakula cha njaa, na ndipo utani ulipozaliwa. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usiwe na haki ya kukasirika. Anaweza kukwambia kweli ambayo ndugu yako akikwambia mnauana. Kijijini kwetu tulikuwa na mmoja, Mzee Kibwana, nyapara mstaafu wa genge la reli, aliyekataa kurudi kwao kwa sababu, alisema, huko hakuna Wanyamwezi wa kuwatukana.

Alasiri ile aliingia uwanjani bila hodi, akakaa kwenye kigoda cha Baba, akachukua matobolwa ya Baba, vile viazi vitamu vikavu, kwenye sahani na kuanza kutafuna.

"Mbona binti yuko nyumbani?" aliuliza. "Au mmeshamwuza?"

Baba akamweleza yote: dirisha, midomo, kufuli, ngamia. Alieleza kwa utulivu, maana alikuwa amejiandaa kuyasema kwenye mkutano. Mzee Kibwana alisikiliza mpaka matobolwa yakaisha.

"Wanyamwezi ni watu wa ajabu," alisema. "Babu yako alibeba mzigo uliofungwa kutoka hapa mpaka Bagamoyo, miezi, juani na mvuani, hakuuliza mna nini ndani. Leo mjukuu wake kaona kitabu mikononi mwa mtoto, anataka kukipasua."

Nilitazama chini. Nilijua Baba haruhusiwi kukasirika, lakini nilisikia pumzi yake. Kisha akajibu:

"Ndiyo maana leo tunauliza, mtani."

Mzee Kibwana hakucheka. Alipangusa mikono yake kwenye magoti. "Hapo umenishinda," alisema. "Kweli. Uliza. Lakini mbona unaulizia dirishani? Mtu wa dirishani anaona midomo tu. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Unamshuku yule mtoto wa Kiarabu, na mimi namshuku vilevile, mimi huwashuku hata Wazaramo. Basi twende tukakae. Tukimkuta na hatia, nitamfungia mizigo mimi mwenyewe mpaka stesheni."

Kesho yake tulikwenda watatu. Baba aliacha jembe nje, ameliegemeza ukutani, kwa sababu Mzee Kibwana alimwambia hataki kukaa na mtu aliyejiandaa kuchimba kaburi. Tulipoingia, darasa zima lilisimama. Mwalimu Salma alishika ukingo wa meza.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," alijibu Baba. "Tumekuja kuona kimya chako."

"Karibuni. Nimewangoja kwa muda mrefu," alisema. "Kila siku, mzee, umesimama pale na jembe. Nami kila siku nimeshika kitabu nikiombea usiingie nalo. Wiki nzima sijasoma hata ukurasa mmoja."

Mzee Kibwana alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ukurasa usiofunguliwa ulikuwa woga tu. Tulikuwa tunamchungulia, naye anatuchungulia, na kitabu katikati hakisomwi na mtu.

Lakini Baba hakulegea upesi. Alisema, "Mimi nataka wasome kwa sauti. Kama hakuna cha kuficha, wasome kwa sauti, nisikie."

Mwalimu hakubisha. Aliwaambia watoto wasome kwa sauti, kila mmoja kitabu chake. Vitabu vilikuwa vya aina moja moja, hapana viwili vilivyofanana. Likawa soko, mwanangu. Huyu anasoma habari za sungura, yule za ndege ya angani, yule za ugonjwa wa malale, mimi nipo na ngamia wangu napaza kumshinda jirani. Baba alisogeza sikio huku, akasogeza kule. Hakupata hata sentensi moja nzima. Akainua mkono, tukanyamaza.

"Haya," alisema. "Fanyeni mnavyofanya."

Mwalimu akamnyooshea kitabu kwa heshima. Baba akakataa. "Mimi nitasoma nyuso," alisema, akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamemfika kifuani, amewageukia watoto.

Kilichofuata nilisimuliwa baadaye na yeye mwenyewe, maana baada ya dakika chache tu nilikuwa nimekwishapotea tena jangwani. Alisema alikuwa anatafuta njama, na njama anaijua. Katika mikutano alikwishaona watu waliopatana kabla: wanatazama upande mmoja, wanainua mikono kwa pamoja, uso mmoja umegawanywa kwa watu wengi. Akautafuta uso huo. Alimwona mtoto mmoja anacheka peke yake, meno nje. Anayemfuata amekunja kipaji, anarudia mstari kwa kidole. Msichana wa Kisukuma aliyekaa nyuma machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Mwingine alikuwa anachungulia nje, hasomi kitu, anangoja kengele. Hapakuwa na nyuso mbili zilizofanana. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, alikuwa ameusikia msemo huo maisha yake yote, alisema, lakini alikuwa hajapata kuuona umekaa kwenye madawati.

Kengele ilipolia alimwuliza mwalimu, "Wewe unajua kila mmoja anafikiri nini hapo?"

"Sijui, mzee. Nikitaka kujua huwauliza. Wengine hunieleza, wengine hawataki."

"Hata huyu wangu?"

"Hata huyu wako."

"Basi hilo linanitisha kuliko lile la kwanza," alisema Baba. Akaaga, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Hakuniambia nibaki wala nirudi nyumbani. Nilibaki nimesimama kati ya darasa na njia, mpaka Mzee Kibwana aliponisukuma bega kuelekea darasani. "Mtani wangu anachemka," alisema. "Chungu kikichemka usikifunue."

Jumatano watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Balozi Kapaya ataunguruma. Mwalimu Salma alikaa kwenye kiti pembeni, mikono imefumbatana mapajani, na mfuko wake wa nguo ulikuwa umefungwa tayari. Aliniambia hivyo miaka mingi baadaye. Mimi nilikaa na wanawake, nimeshika upindo wa kanga ya Mama. Mwenyekiti alipomwita, Baba alisimama, akavua kofia.

"Mlitaka nije niseme mwalimu aondoke," alianza. "Nilitaka hivyo pia. Msiniulize kama namwamini. Bado. Yeye ananiogopa, mimi namwogopa, labda tutazoeana. Lakini nimekaa ndani ya kimya chake. Sikukuta njama. Nimekuta watoto, kila mmoja amekwenda mahali ambapo mimi siwezi kumfuata. Hilo ni zito kwa mzazi. Mimi mtu alishasoma mbele yangu akaondoka na habari yake, nikabaki na chungu jikoni. Kwa hiyo nasema hivi: wasome kimya, lakini wakirudi nyumbani waseme. Mtoto asiingie ndani kula kabla hajaiambia nyumba yake alichokisoma. Tukiona wanasoma na kutupa mgongo, hapo nitarudi na jembe langu."

Watu walicheka, kisha wakabishana, kama kawaida ya mikutano. Wengine walisema Balozi ametiwa kitu kwenye chai. Mzee wa Igunga mwenye ng'ombe alitaka kujua kama mtoto asiyetaka kusema anaweza kunyimwa maziwa. Mwishoni mikono ikainuliwa, mmoja huku, mmoja kule, si kwa pamoja, na nusu saa ya saa nne ikabaki. Mwalimu Salma alifunika uso kwa ushungi wake, na Mama yangu, ambaye hakuwa amemsalimu hata siku moja, akaenda kumshika mkono.

Tulirudi nyumbani Baba na mimi tukiwa mbele, Mama amebaki na wenzake. Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa na furaha iliyonifanya nitake kukimbia, lakini yeye alikwenda polepole kwa makusudi.

"Nyamizi," alisema.

"Abee, Baba."

"Ulipokuwa unanisomea kwa sauti, nilikuwa nakusikiliza wewe na karatasi pamoja. Ukisitasita najua. Ukiruka neno, naona macho. Sasa utasoma shuleni peke yako, utakuja kuniambia. Ukitaka kunidanganya utanidanganya, wala sitajua. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa, Baba."

"Watu wamenidanganya kwa sababu waliweza. Wewe sasa unaweza. Nimekuruhusu." Akapiga hatua kadhaa. "Haya. Yule mtu alimpata ngamia wake?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka tukafika mlangoni na hadithi haijaisha, tukasimama nje mpaka ikaisha. Kuanzia siku ile, kila jioni, mpaka nilipomaliza shule na kwenda chuo cha ualimu, na kila nilipokuwa nakuja likizo, aliniuliza nimesoma nini, nami nikamwambia kweli. Hata mambo yasiyompendeza. Hata kitabu kilichosema vibaya juu ya wakulima wa namna yake. Sikufanya hivyo kwa uchamungu. Mtu akikuweka mahali ambapo unaweza kumwibia na akageuka kando, mkono wenyewe unakuwa mzito.

Mwanangu, nasikia shuleni kwenu nako mmewekewa muda wa kusoma kimya kila siku, na kwamba kuna wazazi wananung'unika. Wanauliza mbona watoto wamekaa tu, walimu wanalipwa kwa nini, mna nini humo vitabuni. Nawe umekuja kwangu umeudhika, unawaita wajinga. Acha. Kuuliza si ujinga. Mzazi anayeshuku kimya chako anakuogopea, au aliwahi kusomewa nyuma ya mgongo wake. Mshike mkono umwingize ndani akae, hata kama magoti yatamfika kifuani.

Na wewe mwenyewe, muda huo usiuchezee. Usishike kitabu wima ukachungulia wenzako. Mimi nilipoteza siku nzuri kwa kumchungulia mwalimu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wahenga, na wengi husema hivyo kwa kuonya, lakini mimi nimeuona mshindo mwingine, wa mtoto anayekua bila mtu kumsikia. Soma mpaka usisikie ukiitwa. Ukisikia baadaye kwamba uliitwa, uombe radhi. Vilevile shuku unachokisoma. Kitabu nacho ni mtu, kinaweza kudanganya. Tena jioni urudi useme. Usimwachie mzazi wako mgongo. Mwambie ulikokwenda, hasa yule ambaye hawezi kwenda mwenyewe, na umwambie kama ilivyokuwa, kwa kuwa hana njia ya kukukagua.

Nenda sasa, usichelewe shule. Mola akupe kitabu kilicho na kitu ndani, na utulivu wa kukimaliza. Akulinde na wanaosoma na kuondoka, na akulinde usiwe mmoja wao. Na kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilioupata mimi, akuwekee nyumbani mtu wa kukuuliza leo umesoma nini.